Muulize Nesi: Maswali Mnayoyauliza kwa Kunong'ona

Barua za mwezi huu karibu zote zimeanza na neno "samahani". Samahani Nesi kwa swali hili, samahani naona haya kuandika, samahani usitaje jina langu. Majina sitaji kamwe. Ila nawaomba tuache kuombana radhi. Nimekaa wodini hadi nikastaafu, nimeogesha watoto wachanga na wazee, na sijawahi kukutana na mwili usiotoka jasho, usiokuwa na ute, usiotoa harufu yoyote. Kinachoniumiza ni mtu kukaa kimya kwa miaka na jambo ambalo lingekwisha kwa kubadili kitu kidogo tu, au kujichubua kwa sabuni kali akiamini anajisafisha. Leo nitajibu waziwazi.

*Shikamoo Nesi. Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Anaoga kila asubuhi, lakini akirudi shuleni makwapa yananuka mpaka wenzake wameanza kumtania. Nimempa marashi, naona yanazidisha. Je, ni ugonjwa?*

Marahaba, mama. Si ugonjwa, kijana anabalehe.

Mwili una tezi za jasho za aina mbili. Za kwanza zimetapakaa mwili mzima, hutoa maji yenye chumvi ya kutupoza, nazo zinafanya kazi tangu utotoni. Ndiyo maana mtoto mdogo anaweza kulowa chapachapa akicheza na bado asinuke. Za pili zimekusanyika zaidi kwapani na sehemu za siri. Hizi hulala mpaka homoni za balehe ziziamshe, na jasho lake ni zito kidogo, lina mafuta na protini. Likitoka tu, karibu halina harufu. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolivunjavunja, na kinachonuka ni mabaki ya kazi yao. Marashi hayaondoi jasho wala bakteria, kwa hiyo mwanao anatembea na harufu mbili badala ya moja.

Mfundishe kuosha kwapa kwa mkono na sabuni, asugue mpaka povu liingie kwenye vinywele, kisha alisuuze lote. Watoto wengi wa umri wake "wanaoga" kwa kujimwagia maji kichwani na kutoka mbio. Akauke vizuri kabla ya kuvaa, kwa sababu bakteria hao hustawi penye unyevu. Akicheza mpira mchana, aoshe tena makwapa jioni hata kama haogi mwili mzima.

Kuhusu dawa za kwapa, soma kibandiko kabla ya kununua. Deodoranti hupunguza bakteria na kufunika harufu, lakini jasho linaendelea kutoka. Nyingine zina chumvi za alumini ambazo huziba kwa muda vijitundu vya jasho, nazo hupunguza jasho lenyewe. Hizo za alumini hufanya kazi vizuri zikipakwa usiku kwenye kwapa kavu, wakati jasho ni kidogo. Watu wengi huzipaka asubuhi wakiwa bado na maji ya kuoga, halafu wanalalamika hazifai.

Usisahau shati. Kijana anaweza kuoga vizuri kisha akavaa shati lililobaki na harufu ya jana, na mwili ukishapata joto harufu inaamka. Vitambaa vya polyesta hushika harufu kuliko pamba. Sugua sehemu ya kwapa kwa sabuni kabla ya kuloweka nguo nyingine, na lianikwe mpaka likauke kabisa.

Sasa mama, nakuomba sana: usimwambie "unanuka", na usimwambie mbele ya wadogo zake. Kauli ya namna hiyo kijana huibeba mpaka utu uzima. Mwite pembeni, mweleze kwamba mwili wake unakua, na kwamba kazi hii mpya ni ya kila mtu mzima, baba yake akiwemo. Mpe sabuni yake, taulo lake na dawa yake ya kwapa, viwe mali yake. Utashangaa anavyovitunza.

Daktari amwone akilowa jasho hata akiwa ametulia, au akilowanisha mashuka usiku huku anapungua uzito. Na kwa wazazi wengine wanaosoma: dalili za balehe zikianza kabla ya miaka 9 kwa mvulana au kabla ya 8 kwa msichana, mpelekeni akapimwe.

*Nesi, nina miaka 29. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijisafisha ndani ukeni kwa sabuni ya kunukia na maji ya dawa. Siku mbili ninakuwa sawa, kisha harufu kama ya samaki inarudi. Nifanye mara ngapi kwa wiki ili iishe?*

Binti yangu, usifanye hata mara moja. Acha leo.

Uke unajisafisha wenyewe. Ndani kuna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya laktiki, na hiyo asidi huweka pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, kati ya 3.8 na 4.5, hali ambayo wadudu wengi wabaya hawaipendi. Sabuni ya kawaida iko upande wa pili kabisa wa kipimo hicho, mara nyingi 9 hadi 10. Kila unapoiingiza ndani unafukuza walinzi na kuacha mlango wazi. Halafu wadudu waliokuwa wachache wanaongezeka, harufu inatokea, nawe unaosha tena. Umekuwa ukipigana na tatizo ambalo kuosha kwenyewe kunalilisha.

Harufu ya samaki pamoja na ute mwembamba wa kijivu mara nyingi ni dalili kwamba uwiano wa bakteria umevurugika. Inatibika kwa vidonge au krimu anayoandika mtaalamu baada ya kukupima. Ute mweupe mzito wenye mabongemabonge na muwasho mkali, hiyo kwa kawaida ni fangasi, na dawa yake ni nyingine. Ute wa njano au kijani wenye povu unaelekea kwenye maambukizi ya ngono, hapo mwenzi naye atibiwe. Ukiwa na maumivu chini ya kitovu au homa, nenda siku hiyohiyo. Usinunue dawa kwa kubahatisha, maana dawa ya fangasi haigusi bakteria.

Kinachooshwa ni nje tu: mashavu na mikunjo yake, kwa maji ya uvuguvugu, na ukipenda sabuni laini isiyo na manukato. Ukitoka msalani, futa kutoka mbele kwenda nyuma. Njia ya mkojo ya mwanamke ina urefu wa sentimita 4 hivi, na bakteria wa haja kubwa hawahitaji safari ndefu kufika kwenye kibofu. Siku za hedhi badilisha pedi kila baada ya saa 4 hadi 8 hata kama damu ni kidogo. Ukitumia kitambaa, kifuliwe kwa sabuni na kikauke juani kabisa, kisifichwe chini ya nguo nyingine kikiwa na unyevunyevu. Najua kwa nini kinafichwa. Lakini jua na hewa ndivyo vinavyokikausha kwa usalama.

Ute wa kawaida, mweupe au usio na rangi, unaobadilikabadilika ndani ya mwezi, ni dalili ya afya. Mabinti wengi wamefundishwa kuuonea kinyaa tangu wadogo, na hapo ndipo mazoea kama yako yanapoanzia.

Wanaume msidhani mmesahaulika. Asiyetahiriwa avute ngozi ya mbele taratibu, aoshe kwa maji, akaushe, airudishe mahali pake. Kwa watoto wadogo ngozi hiyo isilazimishwe kamwe, itaachia yenyewe kwa wakati wake.

*Mume wangu ni mtu safi sana, anapiga mswaki asubuhi na usiku, lakini kinywa kinatoa harufu kali. Nimeshindwa kumwambia. Nampenda, sitaki kumuumiza.*

Dada, barua yako imenigusa. Mwenye harufu ya kinywa mara nyingi haisikii, pua yake imeshaizoea. Usipomwambia wewe unayempenda, watu wataendelea kumkwepa naye hatajua sababu.

Mara nyingi chanzo kimo kinywani humohumo, hasa nyuma ya ulimi, pale kwenye utando mweupe au wa njano. Bakteria wa pale hutengeneza gesi zenye salfa. Mwombe asugue ulimi kila siku, kwa mswaki au kikwangulio, kuanzia nyuma kuja mbele, bila nguvu. Sehemu ya pili ni katikati ya meno, ambako mswaki haufiki. Uzi wa meno au vijiswaki vidogo ndivyo vinavyofika. Damu ikitoka siku za mwanzo, watu huogopa na kuacha. Mara nyingi damu hiyo inatoka kwenye ufizi uliovimba kwa sababu ya uchafu uliokaa, na usafi ukiendelea hupungua. Isipopungua baada ya wiki mbili hivi, aende kwa daktari wa meno.

Mswaki wenyewe uwe laini, dakika mbili, dawa yenye floraidi. Akimaliza ateme povu lakini asisukutue kwa maji mengi, floraidi inahitaji muda wa kukaa kwenye meno. Jambo hili huwashangaza wengi niliowafundisha, kwa sababu wote tulilelewa na kikombe cha maji cha kusukutulia. Mswaki ubadilishwe kila miezi mitatu hivi, au mapema zaidi nyuzi zikishatawanyika.

Kuna sababu nyingine pia. Kinywa kikavu, kwa mfano kwa anayelala mdomo wazi, anayevuta sigara au anayetumia dawa fulani. Jino bovu. Tonsili zenye vijiwe. Mara chache, kisukari kisichodhibitiwa. Kwa hiyo hata akifanya yote vizuri na harufu ikabaki, haina maana kwamba ni mchafu, maana yake ni kwamba atazamwe.

Kuhusu kumwambia: chagua wakati mkiwa wawili, si baada ya ugomvi wala anapokukaribia kukubusu. Sema, "Mume wangu, siku hizi nasikia harufu kwenye kinywa chako, nina wasiwasi isije ikawa fizi, twende tukaone daktari wa meno wote wawili." Nenda naye kweli, na wewe ukapimwe.

*Nesi, ni sahihi kusafisha masikio kila siku kwa vijiti vya pamba?*

Hapana. Nta hulinda ngozi ya ndani ya sikio, na hutoka yenyewe polepole kila tunapotafuna na kuzungumza. Kijiti huisukuma ndani kama mtu anayeshindilia pamba kwenye mto, na kinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Futa sehemu ya nje kwa kitambaa, basi. Sikio likiziba, likiuma au likitoa usaha, mwone mhudumu wa afya, usilichokonoe.

*Ofisini kuna ubishi. Mwenzangu anasema akipaka kitakasa mikono hana haja ya maji na sabuni. Mimi nanawa mara nyingi mpaka mikono imepasuka. Nani yuko sahihi?*

Kila mmoja ana nusu yake.

Kitakasa mikono chenye kileo kisichopungua asilimia 60 ni kizuri sana mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana. Hospitalini tunakitegemea. Ila mikono yenye matope, mafuta au choo hakiiwezi, na kuna vijidudu hakiviui vizuri, vikiwemo virusi vya noro vinavyoleta kutapika na kuharisha. Sabuni inafanya kazi tofauti: huachanisha mafuta na uchafu na ngozi, kisha maji huvibeba. Kwa hiyo ukitoka msalani, au kabla ya kushika chakula, nenda kwenye maji na sabuni. Sugua angalau sekunde 20, na usiishie viganjani. Ncha za vidole, chini ya kucha na kidole gumba ndizo sehemu zinazorukwa, nimeona hata kwa wanafunzi wa udaktari. Kausha, kwa sababu mikono iliyolowa husambaza vijidudu kirahisi kuliko mikavu.

Mwambie mwenzako kwamba jambo hili lina historia ya machozi. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba kina mama walikuwa wakifa kwa homa ya uzazi kwa sababu madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akaamuru madaktari hao wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo katika wodi yake, vilivyokuwa vikipita 10 kwa kila wazazi 100, vilishuka ndani ya miezi michache hadi karibu 2. Wengi katika taaluma yake hawakumwamini mpaka alipofariki mwaka 1865. Nimefanya kazi wodi ya wazazi, siwezi kusimulia habari hii bila kuwafikiria wale mama.

Wewe mwenye mikono iliyopasuka, tumia maji ya kawaida badala ya moto, sabuni isiyo na manukato, na upake mafuta au losheni kila baada ya kukausha. Ngozi iliyochanika ni mlango wa vijidudu. Na huna haja ya sabuni ya kuua bakteria. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni za namna hiyo za nyumbani, triklosani kikiwemo, kwa kuwa watengenezaji hawakuweza kuthibitisha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku ya muda mrefu na vinashinda sabuni ya kawaida na maji.

*Tunaishi watu wanne chumba kimoja, tunatumia wembe na taulo kwa pamoja. Kuna ubaya?*

Upo. Virusi vya homa ya ini aina B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, na tone la damu lisiloonekana kwa macho linatosha. Wembe na mswaki havishirikishwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Taulo linapitisha fangasi, upele na maambukizi ya macho. Kila mtu awe na lake, hata kama ni kipande kidogo, lianikwe likunjuke na kukauka kila baada ya matumizi.

*Nesi shikamoo. Mimi ni kijana wa kiume, miaka 24. Mama yangu amepata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Niko naye peke yangu. Sijui namna ya kumwogesha, na wote wawili tunaona aibu.*

Marahaba mwanangu. Unafanya kazi niliyoifanya maisha yangu yote, nitakueleza kama ambavyo ningemweleza mwanafunzi wangu.

Kwanza mwombe ruhusa, kila siku, hata kama hawezi kujibu kwa maneno. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Funga mlango. Mfunike shuka au taulo kubwa, ufunue sehemu moja tu unayoiosha, kisha uifunike tena kabla ya kwenda nyingine. Hapo aibu itapungua nusu, kwenu nyote wawili.

Andaa beseni, sabuni laini, vitambaa viwili vya rangi tofauti ili visichanganyike, na nguo safi. Jaribu joto la maji kwa ndani ya kifundo cha mkono wako, usiyajaribie kwenye upande wake uliopooza, kwa sababu huenda hausikii joto na anaweza kuungua bila kulia. Anza na macho, maji matupu, kutoka pembe ya puani kwenda nje. Halafu uso, shingo, mikono, kwapa, kifua na chini ya matiti, tumbo, miguu, mgongo. Sehemu za siri mwisho, kwa maji mapya na kitambaa chake peke yake, kutoka mbele kwenda nyuma. Anachoweza kukiosha mwenyewe kwa mkono wa kushoto mwachie, hasa uso na sehemu za siri. Hata akichukua muda mrefu, msubiri.

Kausha kwa kubonyezabonyeza, si kwa kusugua, na usiache unyevu kwenye mikunjo na kati ya vidole vya miguu. Kumvisha, anza na upande uliopooza. Kumvua, malizia na huo. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono wa kulia, bega lake ni rahisi kuteguka.

Kinywa chake kisafishe akiwa ameketi wima, kwa mswaki uliolowanishwa kidogo na dawa chembe. Pitisha kidole chenye kitambaa ndani ya shavu la upande uliopooza, kwa sababu chakula hujificha pale na anaweza kupaliwa nacho. Kama ana meno ya bandia, yatolewe usiku, yasuguliwe na kulazwa kwenye maji safi.

Unapomwogesha ndipo unapokagua ngozi. Tazama makalio, mgongo chini, nyonga, visigino na viwiko. Ukiona doa jekundu, au kwa ngozi nyeusi doa jeusi zaidi, pengine lenye joto au ugumu, libonyeze kwa kidole. Lisipofifia, ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Usilichue. Mtoe upande huo asiulalie, na mgeuze kila saa mbili hivi mchana na usiku. Ngozi ikishaachana au ikitoa majimaji, usingoje barua yangu ijayo, mwite mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Tena, mwanangu, tafuta mtu wa kukupokea hata nusu siku kwa wiki: shangazi, jirani wa kike anayemwamini, au mhudumu wa afya wa eneo lenu. Mwulize mama yeye mwenyewe angependa nani.